Posa ya Sista Mansa

Saa mbili kasoro robo asubuhi, katika ua wa nyumba ya kupanga mjini Agona Swedru, nchini Ghana, Araba Nyarkoa Baidoo anakaa kwenye kigoda. Hafanyi jambo jingine. Anakusanya kitambaa chake kwa mkono wa kushoto, anakibana katikati ya magoti, anakitupia kigoda jicho la dharau, kisha anateremka taratibu, kwanza upande mmoja, halafu upande wa pili.

Wapiga picha wanauma midomo. Fundi wa sauti amefumba macho asije akaharibu kazi, maana kwenye kazi hii kicheko kimoja kikiingia kwenye kinasa sauti, kila kitu kinaanza upya. Mwongozaji anaposema "kata", ua mzima unacheka kwa pamoja, na mpishi anayekoroga uji wa mahindi pembeni anaweka mwiko chini ili acheke vizuri.

"Mkao huu si wangu," anasema Araba akipokea bakuli lake la uji. "Ni wa mwanamume mmoja wa Nyakrom. Niliuazima mwaka sabini na saba, mpaka leo sijaurudisha."

Kwa watazamaji wa tamthilia za Kiakan, mwanamke huyu wa miaka 66 hana haja ya kutambulishwa. Ni Asew, yaani Mama Mkwe, yule anayemtesa mke wa mwanawe kila Alhamisi jioni kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Sokoni akina mama humwongezea nyanya bila kuombwa, kisha humuuliza ni lini atamwacha msichana wa watu apumue.

Umaarufu huo haujamtajirisha. Hulipwa sidi 450 kwa siku ya kazi, na kuna mwezi wenye siku nne na mwezi usio na hata moja. Mume wake alifariki miaka tisa iliyopita. Watoto watatu aliwasomesha kwa kukodisha mahema na viti vya plastiki vya misibani, biashara ambayo bado anayo.

"Watu wakija kukodi viti wananikuta mimi, wanaanza kucheka," anasema. "Wamefiwa, lakini wanacheka. Halafu wanaomba radhi."

Lakini makala haya hayakuandikwa kwa sababu ya Mama Mkwe. Yameandikwa kwa sababu ya huyo mwanamume wa Nyakrom, na kwa sababu ya jambo ambalo Araba alilitaka mwaka huu kuliko kitu kingine chochote.

Mwaka 1977 Araba alikuwa na miaka 18, akimsaidia mama yake kufunga dokono kwenye majani ya migomba, kazi ya mahindi yaliyochachuliwa ambayo huanza kabla ya jua na haina sikukuu. Jumamosi moja likaingia lori la Anigye Trio, kundi la konseti. Wazee wa Swedru wakitaja konseti hadi leo sura zao hubadilika. Ilikuwa bendi, vichekesho na mchezo wa kuigiza kwa pamoja, kiingilio kimoja, na watu walikuja na vigoda vyao kutoka nyumbani.

Katika mchezo wa jioni ile alikuwamo mwanamke wa mjini aitwaye Sista Mansa, aliyewatapeli wanaume watatu kwa mkupuo mmoja. Araba alimpenda papo hapo. Alipenda mkoba wake, shingo yake, na namna alivyokuwa akimjibu mwanamume bila kumtazama.

Mchezo ulipokwisha alipenya nyuma ya jukwaa kwenda kumsalimia. Alimkuta jitu la miaka 38 lenye kifua chenye manyoya, limeinamia ndoo, linanawa poda usoni.

"Nilikasirika sana," anakumbuka. "Nilijiona nimeibiwa. Nikamwambia bwana mkubwa wa kundi, Masta Baisie: mnamvalisha huyu mzee matambara kifuani ya nini, na mimi niko hapa na vyangu?"

Masta Baisie alicheka mpaka akakohoa. Enzi hizo nafasi zote za kike kwenye konseti zilichezwa na wanaume. Mzazi mwenye akili zake hakumruhusu binti kupanda lori na wapiga gitaa. Mama yake Araba alikataa, mjomba wake akakataa kwa kelele zaidi, na Araba akapanda lori.

Siku yake ya kwanza jukwaani ilikuwa Asikuma. Alitoka amevaa vizuri, msichana mbichi, mwenye sauti nyororo. Hakumaliza maneno manne.

"Wakanirushia maganda ya machungwa," anasema. "Wanapiga kelele: mtoeni huyo, tunataka mwanamke. Tuleteeni Mansa. Niambie wewe, mwandishi. Mimi ndiye mwanamke pekee juu ya ule ubao, na halaiki nzima inaniambia mimi si mwanamke."

Alilia nyuma ya lori. Aliyekuja kumtafuta ni Sista Mansa mwenyewe, ambaye jina lake la nyumbani ni Kobina Essuman, na ambaye Araba humwita Egya, yaani baba.

"Hakunibembeleza hata kidogo," anasema Araba. "Akaniambia: wewe una mwili wa kike tu, basi. Umewahi kumtazama mama yako? Nikamwambia kila siku. Akasema: basi niambie anapokasirika anafunga kitambaa upande gani. Sikujua. Miaka kumi na minane nimekula chakula cha yule mama, sikujua."

Essuman akamwondoa jukwaani kwa mwezi mzima. Kila mji walipofika alimpeleka sokoni akae tu na kutazama. Jioni alimhoji. Yule ambaye mume wake ameoa mke wa pili anatembeaje? Yule mwenye pesa kwenye pindo la kitambaa chake anageukaje akiitwa? Anayesema uongo anaweka wapi mikono? Akijibu kwa maneno, Essuman alikataa. Alitaka aonyeshwe.

Waswahili tuna msemo kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Araba alifunzwa na Sista Mansa, na nina hakika ulimwengu usingekuwa mkali kiasi kile.

Waliporudi Asikuma baada ya miezi mitano, alitoka na kukaa kwenye kigoda, mkao ule ule, na watu wakacheka kabla hajafungua kinywa. Walicheza pamoja miaka tisa, mara nyingi kama mama na binti. Kwenye mabango jina la Essuman lilikuwa juu, la Araba chini, kwa herufi ndogo. Anasema hakuwahi kuona kosa lolote katika hilo.

Halafu konseti ikafa, na haikufa kwa siku moja. Ilianza na ile miaka ya amri ya kutotoka nje usiku, ikaja shida ya mafuta na vipuri vya lori, zikaja kaseti, zikaja filamu za video. Mwaka 1986 Masta Baisie aliuza magitaa, na kila mtu akashika njia yake.

Njia ya Araba ilikwenda kwenye televisheni. Walihitaji wanawake wanaojua kuzungumza bila kusoma karatasi, na hiyo ndiyo ilikuwa shule yake. Njia ya Essuman ilirudi nyumbani Nyakrom, kilomita chache tu kutoka Swedru, kwenye cherehani. Magauni ya Sista Mansa, ambayo aliyashona kwa mikono yake, alimpa dada yake.

"Dada aliyavaa kanisani mpaka yakachakaa," Egya Essuman aliniambia nilipomtembelea. "Watu wakimsifia, anasema ni ya kaka yangu. Wanadhani kaka yake ni tajiri."

Leo ana miaka 86. Presha ya macho imemnyang'anya nuru, amebakiwa na mwanga hafifu upande wa kushoto. Ni mzee wa kanisa, mtu wa heshima, na kwa miaka thelathini na tisa hakuna aliyemsikia akitoa sauti ya Sista Mansa.

Mwaka juzi kipindi kimoja cha televisheni kilimwomba Araba picha za zamani za konseti. Ndipo alipogundua kitu ambacho hakuwahi kukifikiria. Hakukuwa na filamu hata moja ya Sista Mansa. Hakukuwa na kaseti. Ilipatikana picha moja, ya watu kumi na tano wamesimama kando ya lori, na Essuman yuko pembeni kabisa, nusu ya uso wake imekatwa.

"Sikulala vizuri tena," anasema Araba. Hapa hacheki. "Mimi uso wangu uko kwenye simu ya kila muuza maji ya baridi. Yeye aliyenipa huo uso hana kitu. Akifa, atakuwa amekufa kabisa. Watoto wataniona mimi, watasema, huyu mama ana kipaji. Kipaji gani? Mimi ni mwizi ambaye aliyeibiwa hajalalamika."

Akamwendea mwongozaji wa tamthilia, Selasi Agbenu, mwanamke wa miaka 34 asiyependa maneno mengi. Akamwomba siku moja tu. Mama Mkwe atembelewe na mama yake mzazi, bibi mwenye makali kuliko yeye, na bibi huyo achezwe na Egya Essuman.

"Nilifikiri anatania," anasema Selasi. "Mwanamume wa miaka themanini na sita, haoni, hajaigiza tangu mimi sijazaliwa. Halafu akaniigizia dakika mbili tu za huyo Sista Mansa, pale pale ofisini. Nikasema, kama nakala iko hivi, nataka kuuona mzizi wake."

Yeye Selasi hakuwa kikwazo. Kikwazo kilikuwa ukoo.

Araba alikwenda Nyakrom mikono mitupu, kwa kuwa alijiona ni mtoto wa nyumba. Mkuu wa ukoo ni Opanyin, yaani Mzee, Nkum, mpwa wa Essuman, mwalimu mkuu mstaafu wa miaka 71, mtu aliyenyooka hata anapokaa. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Nilimwambia ukweli," Opanyin Nkum alinieleza baadaye, bila kuomba radhi na bila kujitetea. "Nilimwambia, mama, zamani mwanamume akivaa kaba, vazi la kike, jukwaani watu waliona mchezo. Siku hizi wanaona mengine. Watakata kipande kidogo, watakizungusha kwenye simu, watamtukana mzee wangu ambaye hawezi hata kusoma hayo matusi. Mimi ndiye ninayemlinda. Hapana."

Na Egya Essuman mwenyewe? Alikaa, mgolole wake begani, uso umeelekea ukutani. Hakusema nataka wala sitaki. Mzee kwao haongei juu ya kichwa cha mkuu wa ukoo, hata kama alimbeba mgongoni utotoni.

Araba alilia ndani ya gari njia nzima. Alipofika kwake akavua viatu, akakaa, na kwa maelezo yake mwenyewe akajiuliza swali moja: Sista Mansa angefanya nini hapa?

Jumamosi iliyofuata, saa tatu asubuhi, ujumbe wa watu watatu ulisimama nje ya ua wa akina Essuman. Araba alikuwa amevaa kaba ya buluu na nyeupe, mavazi ya sherehe. Selasi alikuwa amefungwa kilemba kwa nguvu. Mbele yao alitangulia shemeji yake Araba, Kweku Ampiah, dereva mstaafu mwenye koo la mhubiri, amebeba chupa mbili za pombe ya jini zilizofungwa utepe. Mimi nilikuwa nyuma na kijitabu changu.

Anayefahamu mila za Waakan ataelewa kabla sijasema. Chupa mbili, nguo nadhifu, msemaji mbele: hiyo ni bisha hodi ya posa. Na mtu akibisha hodi ya posa hafukuzwi. Anakaribishwa, anapewa maji, anaulizwa shida yake.

Maji yakanywewa. Opanyin Nkum, ambaye alikuwa ameshamwona Araba na kukunja uso, alilazimika kusema maneno yanayosemwa siku zote.

"Huku kwetu ni kwema. Nyinyi ndio mlio safarini. Semeni."

Ampiah akasimama. "Opanyin, sisi ni wapita njia tu. Tulipita hapa juzi, tukaona ndani ya ua huu kuna ua zuri limechanua. Tumerudi kuuliza kama linaweza kuchumwa."

"Ua gani?" akauliza Opanyin. "Mabinti wa nyumba hii wote wameolewa. Aliyebaki ni Bentsiwa, na huyo ameshawafukuza wanaume watatu."

"Wanne," akasema Bentsiwa kutoka jikoni. Yeye ndiye anayemtunza Egya Essuman, na hapendi takwimu zikosewe.

Ampiah akakohoa. "Tunayemtaka anaitwa Mansa. Sista Mansa."

Opanyin Nkum alimtazama Araba. Araba aliinamisha macho kama inavyompasa mwenye kuposa. Kama mzee yule angeinuka na kuingia ndani, hapakuwa na mlango wa pili wa kubisha.

Kisha bibi mmoja wa nyumba, aliyekuwa akichambua maharage ukutani, akaguna. Mguno ukageuka kicheko cha puani. Opanyin akamkazia macho, lakini ncha ya mdomo wake ilikuwa imeshamsaliti.

"Hivi nyinyi," akasema polepole, "huyo binti yetu mnamjua vizuri? Hajatoka nje miaka thelathini na tisa."

"Tumesikia ametulia," akasema Ampiah.

"Hapiki."

"Tutapika wenyewe."

"Ana hasira. Na hana meno."

"Nyama tutamsagia, Opanyin."

"Wanaume watatu aliwala pesa kwa siku moja, mji mzima unajua."

"Ndiyo maana tumekuja na chupa mbili tu. Tunaogopa."

Sasa nyumba nzima ilikuwa imetoka nje, wengine na sabuni mikononi. Opanyin Nkum aliwaacha wacheke, kisha akainua mkono. Alivua miwani. Alipozungumza tena sauti ya mchezo haikuwamo.

"Araba, wiki iliyopita ulinijia kama mtu anayetaka kuazima jembe, nikakunyima. Leo umekuja kwa mlango. Lakini mlango si mimi. Mila inasema binti huulizwa mara tatu. Akikataa, mchukue chupa zenu mwende, na usirudi tena kwa jambo hili. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Opanyin," akasema Araba.

Bentsiwa akaingia ndani, akatoka amemshika mzee mkono. Egya Essuman alikuwa na mgolole wake begani kama kawaida ya wanaume. Walimsimamisha katikati.

"Mansa," akasema Opanyin Nkum, "watu hawa wameleta kinywaji. Tukipokee?"

Jogoo mmoja alipita. Nilimwona Selasi akimshika Araba kiwiko.

"Mansa, ninauliza mara ya pili. Tukipokee kinywaji cha watu hawa?"

"Nani ameleta?" Ilikuwa sauti yake ya kila siku, nzito, ya mzee wa kanisa.

"Araba."

Alitikisa kichwa kidogo, jambo ambalo halikumpa mtu yeyote maana. Araba aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipokata tamaa.

"Mansa, mara ya tatu na ya mwisho. Tukipokee?"

Egya Essuman aliushusha mgolole begani. Taratibu, kwa vidole vinavyojua njia bila macho, aliuzungusha chini ya makwapa, akaukaza, akauchomeka pembeni. Mabega yakateremka. Shingo ikarefuka. Alipogeuza kichwa upande wa Ampiah, hakumtazama, na siyo kwa sababu ya upofu.

"Mlikuwa wapi siku zote hizi?" ilisema sauti nyembamba, ya madaha, ya mwanamke wa mjini aliyechoka kusubiri. "Mlitaka nioze humu ndani?"

Bibi wa maharage alimwaga ungo. Opanyin Nkum alikuwa anajifuta macho, na hakujali nani anamwona. Akazipokea chupa kwa mikono miwili. Sharti lake lilikuwa moja tu: jina kamili la mjomba wake, na jina la kundi lake, yaandikwe mwanzoni kwa herufi kubwa, ili kila anayetazama ajue kwamba hii ni kazi ya mtu.

Kazi hiyo ilifanyika siku kumi na mbili baadaye, katika ua ule ule wa Swedru. Araba mwenyewe alimfunga Egya vitambaa. Mzee alilalamika kwamba matambara ya kifuani siku hizi ni mepesi, hayana adabu. Karatasi mbili alizoandika Selasi ziliwekwa chini ya jiwe zisipeperuke, na hakuna aliyezigusa tena.

Wakaanza. Bibi anaingia, anapapasa kwa fimbo, anamkuta binti yake, Mama Mkwe wa kuogopwa, amekaa anamfokea mkwe. Bibi anamsuta. Maneno yalikuwa mazuri kuliko nilivyotarajia. Ng'ombe hazeeki maini.

Lakini baada ya dakika tatu nikaona mambo yanaharibika. Essuman alisema neno la kuvunja mbavu, akatulia. Alikuwa anasubiri. Akasema jingine, akatulia zaidi. La tatu alilisema kwa haraka na kwa sauti ya chini. Halafu akasimama kabisa, fimbo ikining'inia.

"Araba," akanong'ona kwa sauti yake ya kiume. "Hawacheki."

"Egya, endelea tu."

"Hawacheki hata mmoja. Nimeharibu. Nirudishe nyumbani, mwanangu. Nimekuaibisha."

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Watu wote wa kamera walikuwa wameziba vinywa kwa viganja, machozi yakiwatiririka, kwa sababu hiyo ndiyo sheria ya kazi. Mtu anayeona angetambua. Yeye alisikia ua mtupu. Kwa msanii wa konseti kimya cha namna ile kilikuwa na maana moja, na baada yake yalifuata maganda ya machungwa.

Araba alimshika mzee mabega, akageuka kwa Selasi. Nimemwona akilia mara nyingi kwenye televisheni na hajawahi kulia vibaya namna ile, pua imejaa, maneno hayatoki. Hakuhitaji kueleza.

"Fungueni geti," akasema Selasi. "Waingizeni majirani."

"Sauti itaharibika, Madamu," akasema fundi wa sauti.

"Iharibike."

Wakaja. Wauza dokono, wasusi wa nywele na wateja wao wenye nywele nusu, mafundi wa baiskeli, mama mmoja na mchi wa fufu mkononi. Kama watu sitini. Wengi walibeba vigoda bila kuambiwa.

Sista Mansa akaingia upya. Neno la kwanza tu, ua ukalipuka. Nilimwona mzee akikipokea kicheko, akakiacha kitulie, akaongeza neno jingine juu yake. Alicheza dakika arobaini bila kupumzika. Alimwambia Mama Mkwe kwamba ukali wake ni wa kuiga, kwamba mwanamke mkali wa kweli hapigi kelele, na Araba akajitetea, akashindwa, akajitetea tena. Walikuwa wanatunga papo hapo, kama zamani. Mchezo ulioandikwa ulikuwa wa dakika sita.

Walipomaliza, Egya Essuman alikaa chini, akaomba maji, akauliza walikuwa watu wangapi.

"Sitini, Egya."

"Si wengi," akasema. Lakini alikunywa maji yake akitabasamu.

Selasi anasema sehemu hiyo itarushwa mwezi Mei, pamoja na vicheko vyote. Fundi wa sauti ameahidi kuvisafisha kidogo tu.

Juma lililopita Opanyin Nkum alimpigia Araba simu. Aliomba nakala ya filamu nzima, ile ya dakika arobaini. Alisema ukoo umekaa na kukubaliana: siku mzee atakapofariki, wataionyesha mazishini kwenye skrini kubwa, wote watakaokuja wajue wanamzika nani.

Nilidhani Araba angefurahi. Kwa mtu aliyewakodishia waombolezaji viti kwa miaka ishirini, nilidhani hiyo ndiyo heshima ya mwisho.

"Nimemwambia nakala atapata," anasema, akikunja mahema ya msiba uliokwisha jana. "Lakini mazishi yatakuja yenyewe, hayahitaji kuandaliwa filamu. Pasaka kwanza."

Pasaka ndipo watu wa Nyakrom hurudi kwao kutoka Accra, Kumasi na Takoradi. Mpango wake ni kupeleka viti vyote mia mbili, bure, na kutundika shuka jeupe kwenye ukuta wa nyumba ya akina Essuman. Ameshamwomba Bentsiwa amshonee mzee shati jipya.

"Miaka yote ile yeye alikuwa mbele na watu wako mbele yake," anasema. "Hajawahi hata siku moja kukaa upande wa watu. Nitamkalisha katikati kabisa, mimi kulia, Opanyin kushoto. Haoni, najua. Watu wakianza kucheka atanivuta mkono, ataniuliza, wanamcheka nani?"

Anafunga kamba ya hema la mwisho, anaikaza kwa mguu.

"Nitamwambia, ni wewe, Sista. Nyamaza usikilize."